Kugonga Mkasi

Ukiajiriwa ufundi pale ghorofani kwa bosi wetu, mtaa wa pili kutoka soko la Kariakoo, siku ya kwanza ulifundishwa mambo mawili. La kwanza, choo kiko wapi. La pili, namna ya kugonga mkasi. Kazi zikipungua kwenye kikapu chako zikabaki mbili, unachukua mkasi wako mkubwa, unaushika kwa upande wa makali, unagonga meza kwa mpini mara tatu. Husemi kitu. Bosi alikaa chini dukani akipokea wateja, na sakafu yetu ya mbao ndiyo iliyokuwa dari yake, kwa hiyo alisikia vizuri. Baada ya muda unamsikia anapanda ngazi na furushi la mashati kwapani, anakumwagia kikapuni, anasema, "Haya fundi, kula." Anateremka zake.

Sharti lilikuwa ugonge zikibaki mbili, si zikishaisha. Liliwekwa na marehemu baba yake bosi, Mhindi wa zamani aliyeanzisha kazi ile, kwa sababu hakuweza kuvumilia cherehani iliyonyamaza wakati mshahara wa siku unakwenda. Fundi aliyemaliza kikapu kizima bila kugonga alihesabiwa mwizi, ingawa hakuiba hata sindano. Aligombezwa mbele ya wenzake wote, na mchana akila chakula chake alikula akiwa ameinama.

Kazi yenyewe ilikuwa kugeuza kola. Vijana wa leo hawajui habari hizi, ngoja niwaeleze. Shati likivaliwa sana huchakaa kwanza pale kwenye mkunjo wa kola, panaposuguliwa na shingo na jasho. Fundi anaifumua kola kwa wembe, anaigeuza, upande wa chini ambao haujaona jua unakuja juu, anaishona tena, na shati linapata maisha ya pili. Miaka ile ya uhaba, kitambaa kilipatikana kwa foleni au kwa kujuana, basi Dar es Salaam nzima ilikuwa ikivaa kola zilizogeuzwa. Makarani, walimu, wakubwa wa maofisini wenye vitambi, wote. Tuligeuza na suruali nzima ndani nje. Tulipasua shuka zilizochakaa katikati tukaziunganisha pindo kwa pindo. Nikipita Mnazi Mmoja siku ya mkutano nilikuwa sisikilizi hotuba, naangalia shingo za watu tu, naona kazi zetu zimejipanga kwa safu.

Tulikuwa mafundi sita, na siku zile kugonga mkasi kulikuwa majigambo. Aliyegonga mara nyingi ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Mtu akigonga, wenzake watano walipiga mluzi na kumzomea kwa mapenzi, "Huyo, anataka kutuua!" Nami nikakanyaga cherehani kama mwendawazimu ili nigonge kabla ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu na nilijiona bingwa.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mkongwe kuliko wote, mzee wa mtaa wa Gerezani, mtu wa pwani hasa, mwenye kofia ya viua isiyotoka kichwani. Meza yake ilikuwa nyuma ya yangu. Nilisikia pumzi zake kisogoni siku nzima, na nikishona ovyo nilisikia akisafisha koo. Hakuwahi kunigombeza kwa maneno. Alisafisha koo tu, nami nikafumua mwenyewe na kuanza upya. Baada ya miaka mitatu ya kusafishiwa koo nilipeleka posa kwa binti yake. Wazee wa ukoo wake walimuuliza mzee, kijana ana nini? Akawajibu, "Kijana ana cherehani." Cherehani ilikuwa mali ya bosi, kila mtu alijua, lakini jibu lilitosha.

Sikuwa na pa kumweka mke. Baba mkwe akatupa chumba cha uani katika nyumba yake, mpaka nitakapojipanga. Watu husema kuoa ni mwanzo wa kujitegemea, mimi nilioa nikahamia kwa baba yake. Kukaa ukweni ni kukaa kwa adabu hata usingizini. Hukohoi kwa nguvu, huli ukashiba ukacheua, humgombezi mkeo hata akikuunguzia shati. Kitu kimoja tu kilinipa haki ya kutembea pale uani kichwa juu: asubuhi nilitoka kwenda kazini na jioni nilirudi kutoka kazini. Mzee mwenyewe alitenganisha mambo kwa ustadi. Kazini aliniita fundi, nyumbani aliniita mkwe. Hakukosea hata siku moja.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ndivyo tulivyosema wakati ule, mambo yamefunguliwa, na tulisema kwa furaha. Sabuni ikaonekana, sukari ikaonekana, dawa ya meno ikaonekana. Mimi mwenyewe nilinunua viatu vya plastiki vya rangi mbili nikavivaa kama bwana harusi. Na pamoja na sabuni na sukari yakaingia marobota ya mitumba. Mwanzoni wazee waliyaita kafa Ulaya, nguo za wazungu waliokufa, na baba mkwe wangu aliapa kwamba shati la maiti halitagusa mwili wake. Lakini vijana hawakuuliza habari za maiti. Walichana robota barabarani, wakamwaga chini juu ya turubai, wakaanza kuimba bei. Shati zima, kola yake haijaguswa na shingo ya mtu, likauzwa kwa bei ya chini kuliko tuliyotoza sisi kugeuza kola moja.

Nilisikia nyimbo zile za bei kutoka dirishani nikiwa kwenye cherehani. Nilizichukia. Nikitoka mchana nilisimama pale pale kuchagua.

Ghorofani mikasi ikaanza kugongwa kwa wingi, na kwa wiki chache tukadhani tumekuwa hodari. Tukawa tunagonga, bosi anapanda na mashati matatu. Tukagonga tena, anapanda na mawili. Siku moja fundi mmoja mrefu, jirani yetu wa Gerezani, aligonga, bosi akapanda mikono mitupu, akamwambia kwa upole, "Fundi, chini hakuna kitu. Nenda nyumbani, nitakuita." Hakumwita. Wiki ile ile akagonga mwingine, naye akaambiwa nitakuita. Ilituchukua watu wawili kuelewa.

Tangu hapo mkasi haukugongwa tena. Sharti lilikuwepo, halikufutwa, ila kila mtu alishona taratibu kama mgonjwa. Wawili wengine wakaondoka wenyewe kabla ya kufukuzwa, wakaingia kwenye mitumba. Yule mrefu alishapata meza yake karibu na Mnazi Mmoja, ananenepa, akiniona ananiita, "Shemeji, njoo huku, huko unazeeka bure!" Tukabaki wawili ghorofani, mimi na baba mkwe wangu. Meza nne tupu, yeye nyuma, mimi mbele, na bosi chini anasikiliza dari.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana nimeanza kuandika haya kwa ajili yake. Ili cherehani isinyamaze nilijifunza kushona kola, kisha kuifumua, kisha kuishona tena. Nikiwa na mashati matatu kwa siku tatu, niliyashona mara mbili mbili. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, chini bosi anasikia mlio, anajua fundi yupo kazini. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Nilirudi nyumbani mgongo unauma, mke wangu akinikanda kwa mafuta ya nazi na kusema, "Pole, leo kazi zilikuwa nyingi." Alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minne. Nikaitikia pole ile bila haya.

Ninachoshindwa kusahau ni kwamba nyuma yangu nilisikia mlio ule ule. Mzee naye alikuwa anashona, ananyamaza kidogo, nasikia wembe unakwaruza nyuzi, kisha anashona tena. Mtu aliyenifundisha kwamba mshono mmoja mzuri hauguswi tena mpaka nguo ife alikuwa anafumua mshono mzuri. Nilijua. Naye bila shaka alinisikia akajua. Hakusafisha koo hata mara moja.

Aliyetutoa fichoni ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alileta shati jeupe lenye mistari ya buluu, shati lake la kusimamia mitihani. Likaangukia kikapu changu. Nililigeuza kola Jumatatu, nikalifumua Jumanne, nikalishona, nikalifumua. Kitambaa kina subira yake, na kile kilikuwa kimeshachoka tangu mwanzo. Mara ya nne sindano ilipopita, kola yote ilichanika kwenye mstari wa matundu ikabaki mkononi mwangu kama stempu iliyobanduliwa. Nikakaa nayo. Nikafikiri kusingizia panya.

Bosi alipanda, akalichukua, akaliangalia dirishani kwenye mwanga. Yeye alikuwa rika langu. Tulikulia kazi ile pamoja, mimi juu yeye chini, na Kiswahili chake cha Kariakoo kilinishinda. Alikuwa mtoto wa fundi, hakuhitaji kuelezwa matundu yale yametoka wapi. Akayapitisha kidole, akaniangalia, akamwangalia mzee nyuma yangu, akanipa noti akasema, "Nenda Mtaa wa Kongo, mtafutie mwalimu shati."

Nikaenda nikachambua turubai nusu saa, nikapata shati jeupe la mtumba, zito, la maana. Mwalimu alipokuja tukampa kwa woga, tayari kupigwa. Alilivaa pale pale dukani. Akajigeuza, akakunjua mikono, akauliza tumelitoa wapi. Bosi akamwonyesha kwa kidole, pale nje, hatua thelathini. Mwalimu akacheka kwa furaha, akatushukuru sana, akatupa mkono mmoja mmoja. Hatukumwona tena ndani ya duka lile mpaka mwisho.

Jioni ile bosi alipanda akaketi juu ya meza tupu. Harufu ya udi anaoutia kila asubuhi mbele ya picha yake ya ibada ilikuwa bado kwenye nguo zake. Aliongea akiangalia sakafu.

"Mafundi wangu, kazi iliyopo ni ya mtu mmoja. Nyinyi mnajua, mimi najua. Mzee wewe ni kama baba yangu. Na wewe ni kama ndugu yangu. Mimi kuchagua siwezi. Tufuate alivyoacha mzee wangu. Mwenye kubakiwa na mbili agonge. Mimi nitajua."

"Utajua nini, bosi?" nikamuuliza, ingawa nilielewa.

"Nitajua wa kumwambia asante."

Akateremka. Nilimkasirikia na mpaka leo sijamaliza kumkasirikia. Kuchagua ilikuwa kazi yake, ndiyo maana akaitwa bosi. Akakwepa kwa adabu, akatuachia sisi wawili, mtu na mkwewe, tukaangaliane nani atamwambia kwanza kwamba kikapu kimekwisha. Angemfukuza mmoja wetu kwa matusi ningemheshimu zaidi.

Tulirudi nyumbani pamoja kama kawaida, yeye mbele hatua mbili, mimi nyuma. Njia nzima ya kuingia Gerezani, kwenye magereji na vipuri vilivyoning'inizwa, hatukusema neno juu ya jambo lile. Alisema mvua inakuja. Nikasema inaonekana, baba. Nyumbani akaniita mkwe, akauliza kama chumba chetu kinavuja, nikasema hakivuji. Kilikuwa kinavuja.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mchana tulikaa chumba kimoja tukivunja sharti pamoja, jioni tulikaa uani tukiongea hali ya hewa. Mtu atasema, si mngezungumza? Uzungumze nini na baba mkwe? Umwambie, baba, wewe ni mzee, toka? Au umwambie, baba, mimi ni kijana, nibakize? Hakuna mlango wa maneno hayo katika adabu niliyolelewa nayo. Nilihisi nimefungiwa ndani ya nyumba na funguo ninayo mwenyewe mfukoni, ila ukiitoa tu mfukoni kila mtu anaiona.

Nikaanza tabia mbaya ya kuhesabu kikapu chake. Nikienda kunywa maji mtungini, ulioko nyuma, napita mezani kwake natupa jicho. Tano. Kesho nne. Bosi alikuwa akitugawia sawasawa kwa macho, kwa hiyo changu kilikuwa hivyo hivyo, lakini mimi nilitamani chake kipungue haraka. Nilijua macho yake yameanza kufifia, nilijua hana kazi nyingine anayoijua duniani, na nilijua mimi ndiye ninayeweza kwenda kwa yule mrefu Mnazi Mmoja nikapewa kona ya meza. Yote hayo niliyajua vizuri. Kila usiku nililala nimeamua kugonga, na kila asubuhi nilipanda ngazi na kushona kola ile ile.

Kilichonishinda ni lile lango la uani. Nilijiona nikiingia saa nne asubuhi, mke wangu anafua, majirani wanakata mchicha, wote wananyanyua macho. Mume anayekaa ukweni bila kazi. Mke ana mimba, mume amekaa juu ya kinu. Na baba mkwe anarudi jioni kutoka kazini, mimi nimpokee mkoba. Nilikuwa tayari kufa kuliko kumpokea mkoba. Sisemi kwa kujitetea, nasema ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi moja niliondoka nimebakiwa na shati moja. Chake nilikihesabu: tisa. Bosi alikuwa amepata furushi kutoka kwa padri mmoja wa mbali, na zamu ilimwangukia mzee. Nikajua imekwisha, nimeshavuka ile mbili ya sharti nimebaki na moja, na Jumatatu sitakuwa na lingine la kufumua. Jumapili nzima nilikaa chumbani nikisingizia tumbo. Mke wangu akanipikia uji wa pilipili manga.

Jumatatu mzee alitangulia, kama siku zote, maana alitoka msikitini alfajiri akaenda moja kwa moja kufungua juu. Funguo ya ghorofani ilikuwa kwake. Mimi nilifika, nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba fundi, nikaketi. Nikatia mkono kikapuni kuchukua lile shati langu moja. Mkono ukakuta nguo nyingi.

Nilizitoa moja moja. Zilikuwa nane. Saba kati yake zilikuwa zimeshafumuliwa kola, na uzi uliotolewa ulikuwa umezungushiwa kwenye kifungo cha juu cha kila shati. Katika mafundi wote waliopita pale, mtu mmoja tu alikuwa akizungusha uzi kwenye kifungo. Wengine tuliutupa chini.

Sikugeuka. Nilikuwa bado nimeshika shati la nane nilipousikia mkasi nyuma yangu. Mara tatu. Haukugongwa kwa nguvu, ila miezi mingi ilikuwa imepita bila mlio ule na nilishtuka kama nimechomwa sindano.

Kisha ngazi zikalia, moja, nyingine, bosi anapanda polepole kuliko siku zote. Akasimama mlangoni.

"Nani?"

"Mimi, bosi," akasema mzee. "Zimebaki mbili."

Bosi aliangalia kikapu cha mzee. Kisha akakiangalia changu, kimejaa mpaka juu. Hakuwa mjinga. Jumamosi ni yeye aliyeyamwaga mashati yale kwenye kikapu cha mzee kwa mikono yake. Akaniangalia mimi machoni kwa muda mrefu, akaniuliza swali ambalo hakuwa na haja ya kuliuliza.

"Na wewe, fundi? Kazi zipo?"

Nilikuwa na nafasi. Sikuhitaji hotuba. Ningesema tu, bosi, haya mashati si yangu. Maneno manne, matano. Yalikuja mpaka kwenye meno. Nyuma yangu mzee hakupumua, nilikuwa nimezoea pumzi zake miaka kumi na siku ile nilisikia zimesimama. Bosi anangoja. Mimi nikaona lango la uani.

"Zipo, bosi," nikasema.

Pumzi zikarudi nyuma yangu. Bosi akatikisa kichwa kidogo, akampa mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamshika bega wakateremka pamoja. Mzee alibeba mkasi wake, futi yake ya kupimia na mswala wake. Hakuniaga. Labda aliona ataniona jioni. Nikageuza kola saba siku ile bila kufumua hata moja, na zilikuwa kazi nzuri kwa sababu yeye alikuwa ameshafumua.

Jioni nilipoingia uani alikuwa amekaa barazani, amevaa shuka, ameoga. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Kazi zipo, mkwe?" Nikajibu, "Zipo, baba." Akasema vizuri.

Mke wangu alisema baba amechoka, ameamua kupumzika, amefurahi wewe umebaki na kazi tele. Nikamwambia ndiyo. Nikatarajia kwamba nitajisikia mwenye shukrani, na sikujisikia hivyo. Nilikuwa na hasira naye. Kabla ya siku ile ningeweza kuondoka wakati wowote, sasa angewezaje mtu kuondoka? Mashati yale manane yaliisha Jumanne. Yule mrefu akanifuata mwenyewe mpaka mlangoni kwa bosi, akasema amepata robota mbili, anataka mtu wa kumwamini, nusu kwa nusu. Nikakataa. Akaniona mwehu. Ningemwambiaje mzee kwamba kiti alichoniachia nimekiacha baada ya wiki moja nikauze kafa Ulaya?

Nikakaa miaka miwili na ushei. Bosi hakuniuliza tena, nami sikugonga. Alileta shati likipatikana. Lisipopatikana nilipangusa vumbi meza tano tupu, nilipaka cherehani mafuta, nilishona mapazia ya mama yake, nilimsomea gazeti. Dirishani bei ziliimbwa. Nilipata mtoto, akatambaa, akasimama. Kila jioni mzee aliniuliza kazi zipo, mkwe, na kila jioni nikasema zipo, baba. Hakuniuliza ngapi.

Jumapili moja mwishoni mwa mwaka wa pili tulikuwa tumekaa barazani sisi wawili tukimenya mbaazi, mke wangu yuko jikoni na mtoto. Sijui nini kilinisukuma. Labda ni kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa chini.

"Baba," nikasema, "yale mashati."

Hakujifanya hajui. Aliendelea kumenya. Alimaliza ganda lile, akachukua jingine.

"Ningekukatalia," akasema. "Ungesema, ningemwambia bosi mtoto huyu amechanganyikiwa, ni yake. Ningekukatalia mpaka ukubali."

"Najua, baba."

"Lakini nilingoja useme."

Mke wangu akaita kutoka jikoni, mbaazi ziko wapi. Mzee akanisogezea sufuria, nikanyanyuka nikampelekea. Kesho yake, Jumatatu, nilivaa, nikanywa chai, nikaenda kazini.